Ovataimu Ndio Mshahara: Maisha Ndani ya Foxconn, Kampuni Inayounda iPhone Yako

Cheki nyuma ya iPhone za kitambo. Utapata maandishi madogo ya Kizungu yanayosema simu ilichorwa California na ikaunganishwa China. Watu wengi huishia hapo kwa California. Stori yenyewe iko kwa hilo neno la mwisho, juu Apple haikai chini kuunganisha hizo simu. Inachora, inatangaza, inauza, halafu kazi ya kukaza skurubu na kubandika skrini inaachia wasee wengine. Mkubwa wao anaitwa Foxconn.

Jina huenda hulijui lakini bidhaa zake umezishika. Ukiacha iPhone na iPad, imeunda PlayStation za Sony, Kindle za Amazon na kompyuta za HP na Dell. Kufikia mwaka 2012 ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya milioni moja. Hiyo ni kama kuchukua kaunti nzima ya Mombasa, watoto kwa wazee, na kuwavalisha beji.

Jina lake rasmi ni Hon Hai, na ilianza mwaka 1974 huko Taiwan. Terry Gou, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikopa dola 7,500 kutoka kwa mathe yake akaanza kutengeneza vile vidude vya plastiki vya kuzungusha ukibadilisha stesheni kwa TV. Mwaka 1988 akavuka akafungua kiwanda Shenzhen, kusini mwa China, ambako mishahara ilikuwa chini na vijana wa kutafuta kazi walikuwa wengi kushinda nafasi. Kutoka hapo hakuangalia nyuma.

Sasa, wengi wakisikia kiwanda cha aina hiyo wanawaza geti limefungwa kwa kufuli na mdosi amesimama na kiboko. Sivyo. Geti liko wazi, na kazi unaweza kuacha kesho. Kinachokushika ni pesilipu, na hiyo pesilipu ndiyo tunataka kukuchambulia hapa.

Vile unaingia

Tuseme wewe ni chali wa miaka 19 kutoka ocha, mkoa wa Henan, katikati ya China. Henan ina watu karibu milioni 100, na kwa miaka mingi vijana wake walikuwa wanapanda treni kwenda hadi kusini, Shenzhen na miji ya huko, kutafuta riziki. Mwaka 2010 Foxconn iliamua kuwafuata kwao. Ikafungua kiwanda Zhengzhou, mji mkuu wa Henan, na serikali ya hapo ikakunja mikono ya shati: miundombinu, umeme, punguzo la ushuru, hadi kusaidia kutafuta wafanyakazi. Siku hizi watu hupaita mji wa iPhone. Gazeti la New York Times liliandika mwaka 2016 kwamba kiwanda hicho kinaweza kuwa na watu 350,000 na kutoa iPhone 500,000 kwa siku moja. Piga hesabu, ni kama 350 kila dakika. Kufika mwisho wa hii aya unayosoma, mia kadhaa zimetoka.

iPhone mpya kawaida hutoka Septemba. Kwa hivyo katikati ya mwaka maajenti wanaanza kuzunguka vijijini na mtandaoni. Ajenti hakuambii sana kuhusu mshahara. Anakuambia kuhusu bonasi, na bonasi ndiyo inakufanya ubebe begi usiku huohuo. Ila ina masharti: inalipwa ukimaliza idadi fulani ya siku ndani bila kuhepa. Ukichoka wiki moja kabla, imeenda.

Kuna kitu kingine ambacho ajenti hakitaji. Ukiingia kupitia kwake, mara nyingi hujaandikwa na Foxconn. Umeandikwa na ajenti, na Foxconn imekukodisha. Sheria ya China inasema wafanyakazi wa aina hiyo wasizidi asilimia 10 ya watu wote kwa kampuni. Mwaka 2019 shirika linaitwa China Labor Watch, ambalo lilikuwa limeingiza watu wake kimyakimya ndani ya hicho kiwanda cha Zhengzhou, lilitoa ripoti kwamba mwezi wa Agosti karibu nusu ya wafanyakazi walikuwa wa kukodishwa. Apple na Foxconn zilipoulizwa zilikubali kwamba idadi ilikuwa imepita kiwango. Msimu wa presha ukiisha, hao ndio wa kwanza kuonyeshwa mlango. Ukiwa na brathe anayepiga kibarua Indaa kupitia kampuni ya kuajiri, huhitaji maelezo zaidi.

Keja unapewa na kampuni. Ni hosteli, chumba kimoja watu kama wanane, vitanda vya kupandana. Hapo sawa, boding wengi wetu tulipitia. Lakini boding mlikuwa darasa moja. Huku wewe uko shifti ya mchana, wa kitanda cha juu yuko ya usiku, na wa kando anatoka mkoa mwingine na lahaja yake huielewi vizuri. Watafiti Jenny Chan, Mark Selden na Pun Ngai, walioandika kitabu kizima kuhusu Foxconn mwaka 2020, wanaeleza vile watu wanaweza kulala chumba kimoja na wasijuane kabisa. Ukirudi wenzako wamelala, ukiamka wametoka.

Skurubu moja

Shifti ni saa nane, lakini hiyo ni ya kwa karatasi. Msimu wa kazi nyingi unaingia saa mbili asubuhi unatoka saa mbili usiku, ama unaingia saa mbili usiku unatoka asubuhi, na baada ya muda mnabadilishana. Kabla ya laini kuanza kuna mkutano wa kusimama, mnasomewa malengo ya siku. Unapita kwa mashine ya kukagua chuma, na sehemu nyingi huruhusiwi kuingia na simu. Ndio, kiwanda cha simu, na yako inabaki nje.

iPhone moja inapitia hatua kama 400 kabla iingie kwa boksi. Usidhani utajifunza kuunda simu. Utajifunza hatua moja kati ya hizo 400. Unaweza kuwa wewe ni wa kubandika kastika kadogo, ama kupangusa skrini, ama kuangalia kama kuna mkwaruzo. Kila hatua imepimwa kwa saa ya kuhesabu sekunde, na ukizoea kasi hiyo, lengo linapandishwa.

Mwaka 2016 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu huko New York alienda kuajiriwa kama mtu wa kawaida kwa Pegatron, mshindani wa Foxconn anayeunda iPhone pia, kwa kiwanda chao cha Shanghai. Baadaye alisimulia waandishi wa habari. Kazi yake ilikuwa skurubu moja. Anachukua skurubu, anaiweka nyuma ya simu, anakaza, simu inaendelea, ingine inakuja. Mara 1,800 kwa siku. Kwa mwezi, na ovataimu ikiwa ndani, alikuwa anapata kama yuan 3,100, ambazo zilikuwa kama dola 450.

Kazi kama hiyo haina uzito wa mjengo. Hubebi mawe, hujachomwa na jua, ndani kuna mwanga na sakafu inang'aa. Tena kwa kijana wa Henan ambaye shamba la babake ni robo ya kiwanja cha mpira, mshahara unaoingia kila mwezi bila kukosa ni kitu cha maana, na ni uongo kusema kila mtu aliyeko ndani analia. Wengi wamesomesha wadogo wao na hizo skurubu. Shida yake iko kwingine: akili haina pa kwenda. Saa 11 huongei na mtu, huwezi kwenda choo bila kumwambia kiongozi wa laini, na mkono wako unafanya kitu kimoja hadi unaendelea kukifanya ukiwa usingizini.

Hesabu ya pesilipu

Hapa ndio penyewe, kwa hivyo toa kalkuleta.

Ile ripoti ya 2019 ilisema mshahara wa msingi Zhengzhou ulikuwa yuan 2,100 kwa mwezi. Wakati huo ni kama dola 300, yaani shilingi zetu elfu thelathini na chenji. Sheria ya China inaweka wiki ya kawaida kuwa saa 40. Ovataimu ya siku za wiki inalipwa mara moja na nusu, ya wikendi mara mbili, ya sikukuu mara tatu. Na ovataimu yote kwa mwezi haifai kupita saa 36.

Gawanya hizo yuan 2,100 kwa saa za kazi za mwezi, unapata kama yuan 12 kwa saa. Ukifuata sheria na ufanye ovataimu saa 36, zote za siku za wiki, unaongeza kama yuan 650. Jumla haifiki 2,800. Kwa mji mkubwa wa China hiyo ni pesa ya kuishi, sio ya kutuma nyumbani.

Lakini ukifanya saa 100, tuseme 60 za siku za wiki na 40 za wikendi, unaongeza zaidi ya yuan 2,000. Umekaribia kuudabo mshahara. Na hizo saa 100 hatujazitoa hewani: ripoti ilisema msimu wa presha wasee walikuwa wanafanya angalau hizo kila mwezi. Karibu mara tatu ya kile sheria inaruhusu.

Umeona vile imepangwa? Mshahara wa msingi uko chini, unagusana na kile kiwango cha chini cha serikali. Kwa hivyo hakuna haja ya mtu kukulazimisha kufanya ovataimu. Wewe mwenyewe utaiomba. Supavaiza akitaka kukuadhibu hakupi kazi zaidi, anakunyima. Ukibishana naye, ama ukikataa kupeleka kasi ile anataka, mwezi huo jina lako halitokei kwa orodha ya wikendi, na unabaki na ule mshahara mkavu. Watu wamejaa kiwandani usiku wa Jumapili na hakuna aliyewashikia bunduki. Kwetu mtu angesema wamejitakia.

Hata vipande vidogo vinahesabiwa. Mwaka 2012, baada ya kelele nyingi, Apple ilileta shirika la Fair Labor Association likague viwanda vitatu vya Foxconn. Likahoji wafanyakazi zaidi ya 35,000. Moja ya mambo waliyokuta ni kwamba ovataimu ilikuwa inalipwa kwa vipande vya nusu saa. Ukifanya dakika 29 juu ya shifti, hulipwi kitu. Ukifanya dakika 58, unalipwa nusu saa. Zidisha dakika hizo kwa watu laki mbili.

Lakini jibu lililoshtua watu kwa ukaguzi huo lilikuwa lingine. Wafanyakazi waliulizwa kama saa zao za kazi ni nyingi sana. Walikuwa wanafanya zaidi ya saa 60 kwa wiki msimu wa presha, wengine wakipitisha zaidi ya siku saba bila mapumziko. Waliosema saa zimezidi hawakufika asilimia 20. Karibu nusu walisema ziko sawa. Na kama theluthi moja walisema wanataka ziongezwe.

Wadosi walishika jibu hilo kama ushahidi kwamba watu wanapenda kazi. Soma swali la pili kabla ukubaliane nao: kwa ukaguzi huohuo, zaidi ya asilimia 60 walisema pesa wanayopata haitoshi mahitaji ya msingi. Mtu ambaye mshahara haumtoshi ukimuuliza kama anataka saa zaidi, atasema nini?

Biskuti na chai

Swali la kawaida hapa ni, si Apple ilete viwanda Marekani basi? Afisa mmoja wa zamani wa Apple alisimulia New York Times kwa nini China inashinda, na stori yake imebaki maarufu tangu gazeti liichapishe Januari 2012. Wiki chache kabla iPhone ya kwanza kabisa itoke mwaka 2007, Apple ilibadilisha skrini kutoka plastiki hadi kioo. Vioo vikafika kiwandani karibu saa sita usiku. Kiongozi akaenda hosteli akaamsha watu 8,000. Kila mmoja akapewa biskuti na kikombe cha chai, na ndani ya nusu saa walikuwa kwa laini, wakianza shifti ya saa 12. Baada ya siku nne kiwanda kilikuwa kinatoa simu zaidi ya 10,000 kwa siku.

Huyo afisa alisimulia kwa kuvutiwa, kama mtu anayesifu gari yenye mbio. Sisi tumeisoma mara kadhaa na bado tunakwama kwa ile biskuti. Kwa sababu sasa unaelewa hosteli ni ya nini. Sio zawadi ya kampuni kwa mtu wa mbali. Ni stoo. Watu wanawekwa karibu na laini vile unaweka sukari karibu na jiko.

Mwaka 2010

Hii sehemu ni nzito. Kama uko mahali pabaya kimawazo siku hizi, iruke na uongee na mtu unayemwamini. Hakuna kitu utakosa.

Mwaka 2010 vijana 18 waliokuwa wakifanyia Foxconn kazi walijaribu kujitoa uhai. 14 walifariki. Wote walikuwa kati ya miaka 17 na 25. Wengi walikuwa Shenzhen, kwa kiwanda cha Longhua, ambacho kilikuwa mji ndani ya mji, na watu laki kadhaa, hospitali, zimamoto, benki na jikoni iliyokuwa ikipika tani 13 za mchele kwa siku.

Mmoja aliyepona alikuwa msichana wa miaka 17, ametoka kijijini, amekaa kazini mwezi mmoja na siku chache tu. Kazi yake ilikuwa kukagua skrini. Mshahara wake wa kwanza ulipotelea kwa makaratasi: kadi yake ya malipo ilikuwa imepelekwa kiwanda kingine cha kampuni hiyohiyo. Alizunguka ofisi moja hadi nyingine siku nzima akitafuta mtu wa kumwambia iko wapi, na kila mtu akimtuma kwa mwingine. Simu yake ilikuwa imeharibika, hakuwa na pesa, na kwa chumba chake hakukuwa na mtu wa kutoka kwao. Alibaki amepooza kutoka kiunoni.

Kampuni ilijibu kwa vitu tofauti. Iliweka neti kuzunguka majengo. Ilifungua laini ya simu ya ushauri. Wafanyakazi wakapewa barua ya kusaini kwamba hawatajidhuru, na watu walipokasirika barua hizo zikaondolewa. Mshahara wa msingi, ambao Shenzhen ulikuwa yuan 900 kwa mwezi, ukapandishwa hadi 1,200, na ahadi ya 2,000 kwa watakaopita mtihani wa kazi. Steve Jobs aliulizwa jukwaani mwezi Juni mwaka huo akasema Foxconn sio kiwanda cha mateso, kwamba kina mikahawa, sinema, hospitali na mabwawa ya kuogelea. Na kuna waliosema, ukigawanya vifo kwa wafanyakazi wote, kiwango kiko chini ya cha nchi nzima.

Hesabu hiyo ya kugawanya inaweza kuwa sahihi na bado isiseme kitu. Nchi nzima ina wazee, wagonjwa, watu wenye madeni ya miaka mingi. Hapa ni vijana wenye kazi, wanaokula na kulala kwa mwajiri mmoja, ndani ya miezi michache, mmoja baada ya mwingine. Na bwawa la kuogelea utaenda saa ngapi ukitoka kazini saa mbili usiku?

Pesa huenda wapi

Ungedhani kulipa hawa watu vizuri kungefanya simu isinunulike. Watafiti watatu wa Marekani, Kenneth Kraemer, Greg Linden na Jason Dedrick, walifungua hesabu ya iPhone 4 mwaka 2011. Walikuta kwamba kwa kila simu iliyouzwa, faida ya Apple ilikuwa asilimia 58.5 ya bei. Wafanyakazi wote wa China, kwa vipande na kuunganisha, walipata asilimia 1.8. Kwa bei waliyotumia ya dola 549, hiyo ni kama dola 10. Ungewadabo mshahara wote, bei ingepanda kwa pesa ya kava ya simu.

Ila Foxconn yenyewe haikai kwa hiyo asilimia 58. Faida yake kwa kila simu ni ndogo, na Apple inaijua hadi senti. Kwa hivyo kila mwaka inaminywa juu, na inaminya chini. Mwaka 2011 Terry Gou alitangaza ataleta roboti milioni moja ndani ya miaka mitatu. Hazikufika. Skurubu ndogo na nyaya laini bado zinataka vidole, na simu inabadilika kila mwaka. Kijana unamfundisha kwa siku moja, roboti unaipanga upya kwa miezi.

Siku mahesabu yalikataa

Oktoba 2022 Covid iliingia Zhengzhou, na China bado ilikuwa inafunga watu. Kiwanda kikaendelea, wafanyakazi wakifungiwa ndani. Chakula kikawa shida, walio wagonjwa na wazima wakaogopa kuchanganywa. Watu wakaanza kuruka ua na kutembea. Video zilizosambaa zilionyesha vijana na mabegi wakikata mashamba na kando ya barabara kuu kuelekea kwao kwa miguu, kilomita nyingi, na wanakijiji wakiwaachia maji na chakula kando ya njia.

Iko karibu na Krismasi, iPhone 14 Pro zinatakikana, na laini ziko tupu. Foxconn ikatangaza bonasi kubwa na ikapata wapya kwa maelfu. Walipofika wakaambiwa masharti ni mengine: bonasi yenyewe itachelewa, na itabidi wakae miezi zaidi kuipata. Novemba 22 usiku hadi 23 wakatoka nje kwa mamia, wakapambana na polisi na walinzi. Kampuni ikaomba radhi, ikasema ilikuwa hitilafu ya kompyuta wakati wa kuwaandika. Halafu ikafanya kitu ambacho hatujasikia kampuni nyingi zikifanya: ikawapa yuan 10,000 kila mmoja anayetaka kuondoka. Hiyo ni kama dola 1,400. Shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba zaidi ya watu 20,000 waliondoka.

Rudi kwa kalkuleta. Pesa za kuwalipa watu waende kwao zilipatikana kwa siku moja.

Kazi inahama

Baada ya hapo Apple imezidi kusukuma kazi nje ya China, haswa India. Kiwanda kikubwa cha Foxconn huko kiko Sriperumbudur, karibu na Chennai, na laini zake zimejaa wanawake wadogo wanaokaa hosteli. Desemba 2021 zaidi ya 250 waliugua kwa chakula kibaya cha hosteli, 159 wakalazwa, wenzao wakafunga barabara kuu hadi kiwanda kikasimama kwa wiki kadhaa. Apple ilikiri hosteli na sehemu za kulia hazikufikia kiwango. Na mwaka 2024 Reuters iliripoti kwamba wanawake walioolewa walikuwa wanarudishwa getini, kwa madai kwamba wana majukumu mengi ya nyumbani. Nchi ni nyingine na lugha ni nyingine, lakini hosteli, ajenti na msimu ni zilezile.

Na sasa serikali nyingi zinataka kazi hizi, yetu ikiwemo. Oktoba 2023 Rais Ruto alifungua kiwanda cha kuunganisha simu Athi River, cha East Africa Device Assembly Kenya, ambacho ni cha Safaricom, Jamii Telecommunications na kampuni ya TeleOne kutoka Shenzhen, mji uleule ambako Foxconn iliingilia China. Simu za Neon zilitoka hapo. Hatusemi ni Foxconn. Ukubwa haukaribiani hata kidogo, na vijana wa Mavoko wanahitaji kazi. Lakini kazi ya kuunganisha simu ni ya laini, popote ilipo, na tangazo lake linaweza kutua kwa WhatsApp yako wiki hii.

Basi jua hivi. Sheria yetu ya mishahara ya jumla inaweka wiki ya kawaida kuwa saa 52, ambayo ni saa 12 zaidi ya ile ya China. Juu ya hapo ni ovataimu, mara moja na nusu siku za kawaida, mara mbili siku ya mapumziko na sikukuu. Ukiitwa intavyuu, usiulize unaweza kupata hadi ngapi kwa mwezi. Kila ajenti ana jibu tamu la hilo. Uliza mshahara wa msingi ni ngapi kama hakuna ovataimu hata saa moja, na uliza jina la nani litakuwa chini ya kontrakti, la kiwanda ama la ajenti. Wakisema hiyo mtaongea baadaye, hapo umeshajibiwa.